Nguruwe Aliyenuka Bahari

Kufuli la ghala la baruti lilikuwa chini, upinde wake umepondwa kama kopo lililopitiwa na lori. Kasha zima la baruti halikuwepo. Mzee Nikodemo, mlinzi, naye hakuwa mlangoni. Alikutwa migombani nyuma ya machimbo, amejikunja, ameshika tumbo.

Jua halijachomoza vizuri, Moshi nzima ilikuwa imeshaamua kesi. Ulikuwa mwisho wa mwaka sabini na mbili, mambo ya Uganda yamechacha, na hata mtu akipoteza kuku alitafutwa jasusi. Sokoni walisema litarushwa daraja la reli. Kwenye vilabu vya pombe ya mbege walisema hapana, ni posta. Walikubaliana jambo moja tu: Nikodemo kahongwa.

Inspekta Mwinjuma, mtu wa Pangani ambaye baridi ya mlimani ilikuwa bado inamnyanyasa, alifika machimboni amejifunga skafu mpaka masikioni. Alifuatana na Konstebo Gabriel, mzaliwa wa Mwika, mpelelezi mzuri ila mdomo haukauki.

"Funguo za kufuli hili anazo nani?" Inspekta alimuuliza mwenye machimbo, Amarjit Singh.

"Mmoja ninao mimi. Mmoja anao Athanas, fundi wangu wa kulipua mawe."

"Wako uko wapi?"

Amarjit aliutoa shingoni. "Hata kuoga naoga nao."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Harusi ya mpwa wangu. Muulize yeyote mjini, wote walikuwepo. Hata wasioalikwa."

Inspekta aliokota kufuli, akaligeuza juani.

"Gabriel, tazama. Upinde umepondwa. Lakini tundu unakoingia halina hata mchubuko."

"Maana yake, afande?"

"Lilifunguliwa kwanza. Kisha likapigwa nyundo, ili sisi tulikute hivi."

Amarjit alirudisha ufunguo shingoni haraka, kana kwamba umemchoma.

Kituoni kulikuwa na simu kutoka Dar es Salaam. Wakubwa wangefika kesho kumchukua Nikodemo. Watu wa namna hiyo wakichukuliwa, wake zao hujifunza kungoja.

Mahabusu, Inspekta alichuchumaa mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani wameambiwa?"

"Wameambiwa. Kwa nini uliacha lindo?"

"Tumbo."

"Ulikula nini?"

Mzee alitazama vidole vyake vya miguu. "Nyama ya nguruwe. Athanas alibatizisha mtoto Jumapili, akachinja. Jana jioni akaniletea kiporo lindoni. Nyama yenyewe, afande, ilikuwa ina... namna."

"Imeoza?"

"Haijaoza. Ina namna."

Gabriel alishindwa kujizuia. "Afande, mlima mzima unacheka! Nguruwe wa Athanas alinuka samaki! Kaka yake mkubwa, Wenseslaus, alipewa kidari, nyama ya heshima, mbele ya ukoo, akatia mdomoni, akatema. Akasema, 'Athanas, hata nguruwe wako hana kwao.'"

"Na wewe, mzee, kwa nini hukutema?"

"Nilimshika Athanas kwenye maji ya ubatizo. Ni mwanangu. Chakula cha mwanao unakitema vipi?"

Inspekta hakucheka. Aliinuka polepole.

"Nguruwe hunuka alichokula. Gabriel, huko kwenu Mwika, anakoishi Athanas, nani anapika samaki?"

"Nani? Bibi yangu akimwona samaki anamwita nyoka wa maji. Anafukuza hata mwenye kikapu."

"Basi huyu nguruwe alikula kwa nani?"

Mchana Landrova ilipanda Mwika. Digna, mke wa Athanas, aliwapokea uani, mtoto mgongoni.

"Karibuni. Baba Leodegar yuko ndani, amechoka na mambo ya wizi."

Athanas alitoka akifunga vifungo vya shati. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, mabega ya nyundo, macho hayatulii.

"Ufunguo wako?" Inspekta alianza hapohapo.

"Huu hapa."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nimelala."

"Nani alimpelekea mzee nyama?"

"Mimi. Jioni. Kisha nikarudi."

"Kwa gari gani?"

"La... la mazao."

"Jana halikupanda gari la mazao," Gabriel alidakia. "Mjomba wangu ndiye dereva, na jana alikuwa harusini kwa Singh. Huyo ni mmoja wa wale wasioalikwa."

Inspekta alielekea banda la nguruwe, akasimama mbali kidogo, mkono puani. Muislamu wa Pangani ana mipaka yake.

"Gabriel, ingia wewe."

"Mimi?"

"Si kwenu huku?"

Gabriel alivua viatu. Horini alikuta miiba ya samaki. Nyuma ya banda akakuta tenga la samaki waliokaushwa, nusu limejaa. Inspekta alichukua changu mmoja mzima, akampapasa. Mdomoni hakuna jeraha la ndoana. Shingoni hakuna alama ya wavu. Ngozi haina kasoro. Alimpasua kwa kisu. Uti wa mgongo ulimwagika kiganjani vipande vipande.

"Huyu hakuvuliwa," alisema taratibu. "Huyu alilipuliwa. Athanas, nani anakuletea samaki waliopigwa baruti?"

"Nilinunua sokoni. Watu wote wananunua."

"Umlishe nguruwe?"

Digna alimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Gabriel, nyanyua zile mbao za sakafu."

"Afande, chini yake ni samadi tupu!"

"Ndiyo maana."

Kasha lilikuwa hapo, limefungwa kwa turubai. Athanas alijua Inspekta wa Pangani hatatia mguu bandani. Lakini Gabriel, Athanas hakumtia hesabuni.

Kituoni Athanas hakubembelezwa sana. Alisema mwenyewe, uso umeinama.

Shemeji yake wa Tanga alimkutanisha na wavuvi. Kila alipolipua mawe aliiba kidogo kidogo, akatuma kwa treni, na treni ikamrudishia matenga ya samaki. Akawauzia wanawake wa kambi za miwa, watu wa mikoa mingine wanaokula samaki. Mwanzoni walinunua. Kisha wakaanza kuwakataa samaki hao, maana walilegea na kumeguka kabla ya kufika sufuriani. Samaki waliokataliwa akamlisha nguruwe. Mwisho wa mwaka ghala lilikuwa likaguliwe. Akatunga wizi ili upungufu wote ubebwe na mwizi, na kasha akalipandisha Mwika usiku uleule kwa lori la kudandia.

"Na mzee Nikodemo?"

"Nilijua nyama ile itamtoa lindoni. Jumapili yeye peke yake ndiye aliyekula bila kutema, na tumbo likamwendesha."

"Kwa nini yote haya?"

"Mimi ni wa katikati, afande."

Inspekta alimgeukia Gabriel.

"Kwetu kihamba, shamba la nyumbani, ni cha mtoto wa kwanza na wa mwisho," Gabriel alieleza. "Wa katikati anaambiwa akajitafutie."

"Nilitaka udongo wangu," Athanas alisema. "Nilitaka siku moja Wenseslaus aketi kwangu, nimkatie kidari kwa mkono wangu, ukoo uone. Nilimkatia. Mmesikia alivyofanya."

Inspekta aliweka mezani vile vipande vya uti wa mgongo.

"Kwetu Pangani tuna mwamba baharini. Kile ndicho kihamba chetu. Wa kwanza anavua, wa katikati anavua, wa mwisho anavua. Likizo iliyopita nilizamia nikaukuta umelala vigae vitupu, hata samaki wa kidole hakuna. Mdogo wangu anarudi na wavu wa mwani. Na yeye ni wa katikati."

Athanas aliguna. "Bahari sijawahi kuiona, afande. Nilidhani haina mwenyewe."

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Nikodemo alitolewa, amebeba kofia yake ya ulinzi mkononi. Alipopita, Athanas alisimama, pingu zikalia.

"Shikamoo, baba."

Gabriel alingoja. Inspekta alingoja. Hata karani wa zamu aliacha kuandika.

Mzee alivaa kofia, akaiweka sawa, akatoka nje.