Aliyeitika Msituni

Jumanne hiyo Rahel hakupanda mlimani. Mvua ya masika ilikuwa imeamka na hasira zake, njia yote tope, na bando lenyewe lilikuwa limekata tangu jana yake. Bila kupanda hakuna mtandao, na bila mtandao hakuna darasa. Asubuhi nzima alishinda jikoni na mama yake wakimenya njegere. Sasa ilikuwaje, saa nane mchana, aliposhuka dukani ambako angalau ujumbe wa kawaida huingia, akute Doreen kamwandikia: "Asante kwa kuniitikia leo. Victor kaniambia umejibu maswali ya mwalimu hadi watu wakakukubali."

Rahel alicheka peke yake. Akamwandikia Victor, kiongozi wa darasa, amtazamie karatasi ya mahudhurio. Jibu lilikuja kabla hajalipa sabuni aliyotumwa. Rahel, yupo. Doreen, yupo.

Alijiambia kwamba Victor amechanganya siku. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Ilikuwa Mei, miezi miwili tangu korona ifunge vyuo. Rahel na Doreen walikuwa mwaka wa tatu wa baiolojia, chumba kimoja bwenini pale Morogoro mjini, sufuria moja, kitabu kimoja cha jenetiki walichokinunua kwa kuchangishana. Walipotangaziwa kuondoka, Doreen alirudi Gairo kwa mama yake anayeuza karanga, na Rahel akapanda milimani, juu ya Mgeta, kwa mama yake Juliana na mashamba yake ya kabichi. Walimu wengi walitulia wakingoja korona ipite. Dokta Athanas hakutulia. Alifundisha kwa mtandao kila asubuhi saa tatu, na alikuwa ametangaza kwamba atakayekosa vipindi vitatu asimtafute siku ya mtihani.

Mahudhurio aliyaita kwa mdomo, na alikuwa na sababu. Wanafunzi waliingia kwa simu za kuazima, kwa hiyo kwenye kioo chake hakuona majina yao, aliona Baba Junior, Mama Shukuru, Duka la Dawa. Aliita jina, akasikia "Nipo", akaweka alama. Doreen alikuwa na simu ya batani tu. Akamwomba mwenzake amwitikie, kama wanafunzi wanavyofanyiana tangu vyuo vianze, na Rahel hakuona tabu. Alijiitikia mwenyewe kwa sauti yake, na jina la Doreen likifika aliibana pua kidogo, akaiiga sauti nyembamba ya rafiki yake. Mwalimu hakushtuka hata mara moja.

Tabu ilikuwa mahali alipokaa. Kijiji kizima mtandao ulishika sehemu moja, kwenye jiwe bapa ukingoni mwa msitu wa ukoo wao. Na msitu ule una sharti lake. Ukiingia humo kukata fito au kuokota kuni, humwiti mwenzako jina, na ukiitwa huitiki. Watu huitana kwa mluzi. Waluguru wa huko ni Wakatoliki safi, Jumapili kanisa linajaa hadi nje, lakini hata wanakwaya wakifika pale hupigiana mluzi.

"Usiitike jina kule," Mama Juliana alimwambia siku ya kwanza.

"Mama, naitwa kwenye simu. Mwalimu yuko mjini."

"Anayeita yuko mjini. Anayeitika yuko wapi?"

Rahel alimweleza mama yake habari za mawimbi ya sauti, akaeleza vizuri kweli, kwa mifano. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema haya, akaendelea kupalilia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini msomi hujiona ana miguu ya akiba.

Basi Jumatano, siku moja baada ya ule ujumbe, mvua ilikatika na Rahel akapanda na bando jipya. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye jiwe. Alisikia harufu ya kabichi iliyooza, na hilo halikumsumbua, maana wanunuzi wa mjini hawakuwa wakija tena na kabichi zilikuwa zinaozea shambani. Ila mashamba yalikuwa chini, na harufu ilitoka juu, msituni.

Dokta Athanas alianza kuita. Rahel aliweka kidole tayari kufungua kipaza sauti.

"Rahel."

"Nipo," ilisema simu.

Kidole chake kilikuwa bado hewani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, hata kile kikohozi kidogo anachokitanguliza akiwa na woga kilikuwamo. Alitazama kioo, kipaza sauti kimefungwa, akatazama nyuma, ukungu tu na mashina ya miti, na kabla hajajua afanye nini mwalimu alikuwa ameshafika jina la Doreen.

"Nipo, mwalimu."

Hiyo haikuwa pua ya kubana. Hiyo ilikuwa sauti ya Doreen mwenyewe, ile iliyomwamsha kila asubuhi bwenini kwa miaka mitatu, na ilipotoka kwenye simu ilitoka pia nyuma yake, kati ya miti, pamoja, bila kupishana hata kidogo.

"Leo unasikika vizuri, Doreen," Dokta Athanas alisema. "Uko wapi?"

"Niko juu, mwalimu. Kuna baridi."

Rahel hakukumbuka alivyoshuka. Alijikuta dukani, goti linavuja damu, ameshapiga simu Gairo, na aliyepokea hakuwa Doreen, alikuwa mama yake.

"Shikamoo mama. Namwomba Doreen."

"Marahaba mwanangu. Doreen hasemi." Mama yule alishusha sauti. "Tangu jana jioni. Mdomo unafunguka, ulimi unacheza, sauti hakuna. Majirani wameshasema korona, hawapiti tena mlangoni kwetu. Tumemfukiza nyungu, malimao na majani ya mkaratusi, wapi. Shekhe Mohamedi wa nyumba ya pili ndiye pekee aliyeingia, akamsomea."

"Akasemaje?"

"Kasema jini lililomshika haliko hapa. Kasema sauti ya mtoto iko mlimani, kuna mtu aliipeleka. Sasa mwanangu, sisi mlimani tunamjua nani?"

Rahel alikata simu. Alikuwa na aibu kuliko woga, na woga wenyewe ulikuwa mkubwa.

Jioni ile alimweleza mama yake yote, na Mama Juliana hakumkaripia. Alijitanda kitenge, akamshika mkono, wakaenda kwa mjomba Stefano. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na Stefano alikuwa na maneno mawili, ni katekista wa kigango na ndiye mtunza msitu wa ukoo. Aliwapokea na rozari shingoni. Wakaongea kwa kunong'ona, kama kuna mgonjwa ndani.

"Uliitika jina lako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na la mwenzako."

"Ndiyo."

Stefano aliishika rozari yake. "La kwako yule wa msituni ameliiga tu, maana wewe ni mtoto wa ukoo, hawezi kukuchukua bure. Huyo wa Gairo ni mgeni. Ulimpeleka mlangoni ukamwacha, naye akampokea. Mtu asiye na sauti hadumu, Rahel. Hula, halafu hali, halafu basi."

"Nifanye nini?"

"Siku saba usitoe sauti. Usiitike, usiimbe, usilie kwa sauti. Kuandika andika, mluzi piga. Ataita, ataiga, ataona hakuna anayemjibu, atachoka, ataachia. Siku ya saba jua likizama, imekwisha." Akamgeukia dada yake. "Nawe usimwite. Ukisikia sauti yake nje, usiifuate."

"Na nikitoa sauti?" Rahel aliuliza.

"Hakai mikono mitupu. Ataachia ya mwenzako, atachukua yako."

Asubuhi Stefano alimwaga unga wa mtama na maji ukingoni mwa msitu, akasali Baba Yetu, akarudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Siku saba ni vipindi vitano vya Dokta Athanas. Rahel alijua anautupa mtihani, na mtihani ukienda mwaka unaenda nao, na mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili ili afike mwaka wa tatu. Alilia usiku ule, bila sauti, shuka mdomoni. Halafu akamfikiria Doreen na mdomo wake unaofunguka bure, na uamuzi ukawa umekwisha fanyika.

Kumbe hata vipindi hakukosa. Kila alipofika dukani alikuta ujumbe wa Victor. Rahel yupo. Doreen yupo. Rahel kajibu swali la jenetiki lililomshinda kila mtu. Dokta anasema Rahel ndiye anayeongoza darasa. Siku ya nne alitamani kuzima simu na hakuthubutu, kwa sababu mama yake Doreen naye alikuwa anaandika: hajala leo. Siku ya tano: anakunywa maji kwa kijiko.

Na harufu ilihama. Ilikuja shambani, ikaja uani, siku ya sita ikaingia ndani, kabichi iliyooza kwenye nyumba isiyo na hata jani la kabichi. Mchana kweupe, mama yuko shambani, mtu alipita nje ya dirisha akiimba wimbo ule Rahel anaoupenda akiosha vyombo, kwa sauti ya Rahel, taratibu, akazunguka nyumba mara tatu.

Siku ya saba ukungu ulishuka mapema. Ilipofika saa kumi na moja Rahel alikuwa bondeni akikata majani ya mbuzi, akihesabu dakika, saa moja tu imebaki, na moyo ulikuwa umeanza kupata nafuu. Alipoinua kichwa aliona kitenge cha mama yake, kile chekundu, kinapanda mbio kuelekea msituni. Kisha akasikia alichokuwa anakifuata mama.

"Mama, nimeanguka. Mama, mguu wangu. Njoo unishike."

Unaweza kumwambia mama mambo yote ya dunia na akayashika, lakini mtoto wake akilia kwenye ukungu, mafundisho yote huishia hapohapo. Na kule juu, baada ya jiwe, masika yalikuwa yamekata mlima, ardhi imeporomoka hadi mtoni, ukingo umebaki unaning'inia na majani yake kama kawaida, usioonekana hata siku ya jua, sembuse siku ile. Rahel alitupa mundu akakimbia, akateleza, akapanda kwa mikono, akapiga mluzi kama watu wa msituni wanavyopiga, akapiga tena hadi midomo ikakauka, lakini mama hakugeuka, maana mtu anayeitwa na mwanawe anayelia hana habari na mluzi, na sauti ile ilizidi kusogea mbele hatua moja moja ikimvuta, mama hapa, mama karibu, na kitenge kile chekundu kikafika pale majani yanapoishia na mguu mmoja ukanyanyuka.

"Mama, simama!"

Mama Juliana alisimama. Alishusha mguu nyuma, polepole, akageuka akamwona binti yake yuko nyuma yake, mzima, na udongo ukameguka pale alipotaka kukanyaga. Walikumbatiana chini kwenye tope. Jua lilikuwa bado juu ya mlima kidogo.

"Umesema," mama alinong'ona. "Mwanangu, umesema."

Rahel alitaka kumwambia asijali. Alifungua mdomo, ulimi ukacheza. Mama alimwangalia koo, kisha akamfunika uso kwa kitenge kama anamfunika mtoto mchanga, akaanza kulia.

Asubuhi yake walishuka dukani wawili, kwa sababu Rahel alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba lazima ajue habari za Gairo. Hawakukaa hata dakika tano, simu ikaita. Mama ndiye aliyeibonyeza, akaiweka sauti kubwa.

"Rahel jamani, nimepona," alisema Doreen. Alikuwa anacheka na kulia. "Jana jioni hivi, naona tu sauti imerudi. Nimekula ugali sahani mbili, mama hadi kaniogopa. Na umesikia? Vyuo vinafunguliwa Juni mosi. Mbona kimya? Sema basi, rafiki yangu."

Rahel alitabasamu na machozi yanatoka. Hilo alilitaka, na amelipata, na hakujuta. Alimwonyesha mama yake kwa mkono aseme yeye.

"Nipo, Doreen," ilisema simu.

Mwenye duka aliendelea kupima sukari. Mama Juliana aliing'ang'ania simu kwa mikono miwili. "Doreen mwanangu, shika maneno yangu. Huyo anayesema si Rahel. Rahel yuko hapa na mimi, hawezi kusema."

Rahel alisikia pumzi ya rafiki yake, fupi fupi, na alijua anawaza. Kisha sauti ya Rahel ikaja tena kwenye simu, tulivu, na kile kikohozi kidogo mbele.

"Mama ana homa tangu jana, Doreen, usimsikilize. Wewe fungasha. Tutachukua chumba kilekile."

"Haya," alisema Doreen. "Mwambie mama apate nafuu."