Mbegu Zilizolala Matopeni

Fundi cherehani alishusha miguu kitandani, akakanyaga maji.

"Baba watoto, amka! Maji yameingia tena!"

Mumewe alikuwa seremala. Aliruka, akakimbilia mbao zake. Mama yake, aliyepewa jina la Bibi Maua kwa kupenda maua, alicheka.

"Mkeo anazama, wewe unaokoa mbao!"

Nyumba yao ilipakana na kinamasi, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Zamani maji ya mvua yalipita kinamasini, yakaenda zake. Sasa magugu maji yalifunika kote kama zulia nene. Maji yalikosa njia. Mbu walizaliana, samaki wakatoweka.

Siku hiyo seremala alichukua panga. Alikatakata magugu mpaka mikono ikavimba. Vipande akaviacha humo humo. Haukupita muda, magugu yakarudi, mengi kuliko mwanzo.

"Haya si magugu, ni majini!" alilalamika.

"Si ndimo yalimo?" mama yake akamtania. "Majini!"

Mkewe hakucheka. Alikwenda kumwita bibi shamba, mteja wake wa siku nyingi. Bibi shamba aliokota kipande, akakigeuza.

"Shemeji, hukuyaua. Umeyapanda upya. Kipande kama hiki huota tena."

"Lakini mbona zamani hayakuwepo?" mke akauliza.

"Si ya hapa, dada. Yaliletwa kutoka mbali kwa uzuri wa maua yake. Hapa hakuna mdudu wa kuyala, basi yanatamba tu."

"Sasa tufanyeje?"

"Yang'oeni mazima, na mizizi yake, kabla hayajatoa maua. Yaanikeni juani, mbali na maji, mpaka yakauke kabisa. Kila wiki rudini mtoe machipukizi. Msimwage dawa, mtaua vyote. Vaeni buti na glavu, na mtu asiingie peke yake."

Majirani waliitana. Walivuta magugu kwa reki, wakayabeba kwa toroli. Bibi Maua alinung'unika, "Mnanimalizia maua yangu." Hata hivyo, yeye ndiye aliyeyageuza juani.

Hatimaye maji yalionekana, meusi na matupu.

"Tupande nini sasa?" seremala akauliza.

"Msipande kitu," bibi shamba akajibu. "Endeleeni kutoa machipukizi, halafu subirini."

Mvua zikaja. Maji yalipita kinamasini, nyumba ikabaki kavu. Kisha asubuhi moja Bibi Maua aliwaita wote, na bibi shamba akaitwa. Walifika, wakasogea ukingoni.

Pembeni nyasi changa za ndago zilikuwa zimesimama, kijani kibichi. Katikati yungiyungi jeupe lilikuwa limefunguka juu ya maji, na jingine, na jingine. Chini ya majani yake visamaki viling'aa.

"Nani kayapanda?" mke akanong'ona.

"Hakuna," bibi shamba akasema. "Mbegu zilikuwa zimelala matopeni miaka yote hii. Zilingoja mwanga tu."

Bibi Maua alifuta machozi.

"Nilipoletwa hapa bi harusi, niliyakuta haya. Nilidhani yamekufa." Akatazama matope ya ukingoni. "Na hapa niliposimama, zimo?"

"Huenda zimo, bibi."

Bibi Maua akavua viatu. Akaondoka akinyata, kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala.