Skrini ya Pili ya Kui

Hii ilitokea hapa hapa Free Area, kwa Mugure, yule wa cyber, duka la kompyuta, karibu na posho mill. Ilikuwa Alhamisi mchana, jua ya kawaida, watu wanapita na mitungi yao ya maji. Mugure alikuwa anaandika programu ya mazishi ya dadake, Kui. Wanazika kesho, na Pasta Naftaly ameshapiga simu mara mbili akiulizia hizo karatasi.

Kui hakujaliwa mtoto. Huyu Abby, mtoto wa Mugure, ndiye alikuwa roho yake. Kila siku alikuwa anakaa kwa kiti ya plastiki, kushoto kwa Mugure, akingoja Abby atoke shule. Na alikuwa anamtania dadake, "Wewe ulizaa tu. Mama ni mimi." Wanacheka. Sasa kwa karatasi Mugure aliandika vile iko: *Kui, tata wa Abby*. Tata ni dada ya mama.

Shida ilikuwa skrini. Kompyuta iliwekwa mfumo mpya juzi, Linux, na tangu hiyo siku kila kitu kilikuwa kikubwa kupita kiasi, ukurasa unakatwa kando. Mugure akafungua pale pa kurekebisha skrini.

Ikamuonyesha skrini mbili.

Yeye alikuwa na moja. Akachungulia nyuma. Waya ni moja. Lakini pale ilichorwa ya pili, upande wa kushoto. Upande wa kile kiti.

Akajiambia mashine imechanganyikiwa. Akachagua saizi ingine. Skrini ikawa giza, ikarudi, maandishi madogo, safi. Ikauliza: ibaki hivi, ama irudi vile ilikuwa? Sekunde ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane.

Karatasi ya Kui haikuwepo.

Ilikuwa imeenda kushoto, kwa ile skrini ya pili, pale penye ukuta tu. Mugure akabonyeza, akaivuta, ikarudi polepole, kama kitu kimeshikwa upande ule mwingine. Ukurasa wote ukaingia. Sekunde tatu. Akabonyeza: ibaki.

Hapo ndipo akasoma.

*Kui, mama wa Abby.*

Akafuta. Akaandika tata. Akapepesa macho. Mama. Akafuta tena. Mshale ukateleza wenyewe, kushoto, ukapotea. Kiti ya plastiki ikalia, vile hulia mtu akikaa.

"Kui," akanong'ona. "Huyo ni wangu."

Mlango ukasukumwa. Ni Abby, na begi ya shule. Hakusalimia. Akapita nyuma ya Mugure, akasimama kando ya kile kiti, akaegemea, vile mtoto huegemea goti la mtu.

"Tata," akasema, akimwangalia Mugure. "Mbona unalia? Mama anauliza."

Mugure aling'oa waya. Programu zilichapishwa kwingine, huko Rhonda, zimeandikwa tata, na kila mtu alizisoma. Kui akazikwa. Kompyuta ikauzwa.

Abby sasa ni msichana mkubwa, mpole, mwenye adabu. Mugure akiwa mgonjwa anampikia uji, anamfulia, anamfunika blanketi. Anampenda sana, vile mtu hupenda dada ya mamake.