Msaliti wa Jumatatu Jioni

Jumatatu jioni, nyumbani kwa akina Bérubé, hakuna aliyeruhusiwa kuugua, kupiga simu wala kuchelewa kumaliza supu. Vyombo vilioshwa mapema, mapazia yakavutwa, na Bibi Huguette akakalia kiti chake mbele ya televisheni na sweta alilokuwa akilifuma. Mji mzima wa Matane ulifanya vivyo hivyo. Ungeweza kutembea barabara nzima kwenye theluji usikutane na mtu, kwa sababu saa mbili usiku ilikuwa zamu ya tamthilia ya upelelezi iliyoitwa Kikosi cha Mtoni.

Coralie, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikaa sakafuni karibu na miguu ya bibi yake. Mama yake alikuwa kazini hospitalini, kwa hiyo walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa wamekaza meno.

Jumatatu hiyo mambo yalikuwa mazito. Inspekta Jobin, kipenzi cha watu wote, alikuwa amejificha msituni katika kibanda kisichojulikana na yeyote, isipokuwa Sajenti Carole. Carole alikuwa rafiki yake wa miaka mingi na mama wa ubatizo wa mtoto wake. Wauaji walikuwa wakizunguka mji mzima wakimtafuta Inspekta. Carole aliketi ndani ya gari, akaishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Kisha akaitoa tena.

"Usithubutu," Bibi Huguette aliiambia televisheni. "Carole, usithubutu!"

Carole akathubutu. Aliwatajia wauaji kibanda kilipo, akakata simu, kisha akafungua kikombe chake cha kahawa na kukoroga sukari taratibu kana kwamba ameagiza mkate. Hapo kipindi kikaisha.

Ndara ya Bibi iliruka chumba kizima na kugonga ukuta, kando tu ya televisheni.

"Shetani wa kike! Nyoka! Mtoto wa mwenzako umemsimamia ubatizo wewe!"

"Bibi, ni tamthilia tu," alisema Coralie, ingawa naye alikuwa anatetemeka kwa hasira.

"Najua ni tamthilia! Ndiyo maana nimetupa ndara. Ingekuwa kweli ningetupa kiti!"

Coralie alikimbilia chumbani na kufungua ukurasa wa tamthilia kwenye simu yake. Huko nako moto ulikuwa unawaka. Maelfu ya watu walikuwa wakimtukana Carole. Coralie naye akaandika, "Carole, sitakusamehe kamwe." Akangoja. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa watu mia tano walikuwa wameshaandika maneno hayohayo.

Kutojibiwa kulimuuma kuliko usaliti wenyewe. Alitaka hasira yake ionekane. Basi akakumbuka kwamba yeye alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Sylvaine Otis, aliyeigiza Carole, alizaliwa hapohapo Matane. Baba yake, Fernand Otis, ndiye mzee aliyemwagia maji uwanja wa mtaa kila majira ya baridi ili ugande na watoto wapate kuteleza na kucheza magongo. Tena Krismasi iliyopita Coralie alikutana na Sylvaine mwenyewe uwanjani hapo. Coralie alikuwa ameteleza akaanguka vibaya, na Sylvaine akaja kumwinua, akapiga magoti kwenye barafu na kumfunga upya kamba za viatu vyake vya kuteleza.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini si hayo aliyoyaandika. Kwa jina la "Msichana wa Matane" aliandika hivi: "Mimi ninatoka kwao. Huyu Sylvaine Otis hata nje ya televisheni ndivyo alivyo. Krismasi alinisukuma kwenye barafu nikaanguka, kisha akanicheka."

Majibu yalimiminika. "Pole sana, mtoto!" "Nilijua tu, macho yake yanasema yote!" "Mwanamke mshenzi, afukuzwe!" Coralie alilala akitabasamu. Mtoto huyu hakuwa mbaya, lakini siku hiyo alikuwa mjinga, na ujinga wenye watazamaji ni hatari.

Asubuhi alimkuta Bibi jikoni, miwani kwenye ncha ya pua, simu mkononi na uso mwekundu.

"Umeyasikia haya? Binti wa Fernand amemsukuma mtoto wa hapa kwetu, kisha akamcheka! Umesikia lolote shuleni?"

Hapo ndipo angeweza kuuzima moto ukiwa bado mdogo. Badala yake Coralie alitazama bakuli lake la uji.

"Nilisikia, Bibi," alisema.

Kufikia Jumatano, mji ulikuwa umechemka. Sylvaine alikuwa amealikwa kufungua mashindano ya watoto Jumamosi katika tamasha la majira ya baridi, na sasa watu walikuwa wakidai mwaliko huo ufutwe. Mtu fulani alirusha mayai kwenye mlango wa Babu Fernand, yakagandia pale. Mwingine akaandika MSALITI kwa rangi nyekundu kwenye theluji ya ua wake. Dukani, watu waliomfahamu mzee huyo tangu utotoni walijifanya wanasoma maandishi ya makopo.

Alasiri, watoto walipofika uwanjani na magongo yao, walimkuta Babu Fernand amefunga bomba la maji na kutia kufuli kwenye kibanda cha kuotea joto. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuwagawia peremende. Siku hiyo hakuwa na peremende.

"Miaka yote hii nimewamwagia maji mkiwa mmelala," alisema, sauti ikimkwaruza. "Vidole vyangu viwili havina hisia kwa sababu yenu. Sasa nauliza. Nani hapa alisukumwa na binti yangu? Ajitokeze aniambie usoni!"

Watoto walitazamana. Coralie alitaka kujitokeza, lakini miguu ilikataa kusogea.

"Hakuna? Kumbe huyo shujaa anaweza kuandika tu? Basi nendeni nyumbani mkaangalie televisheni!"

Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wakiwa njiani, rafiki yake Flavie alimvuta Coralie kwa mkono wa koti.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Usinifanye mjinga. Krismasi nilikuwepo. Hakuna mtoto mwingine aliyeanguka mbele ya Sylvaine. Na hakukusukuma, wewe uliteleza mwenyewe kama gunia! Yeye ndiye aliyekuinua."

"Funga mdomo, watu watasikia!"

"Wasikie! Mayai yale mlangoni pa mzee, unajisikiaje ukiyaona? Sema ukweli, la sivyo nitasema mimi."

"Ukisema wewe si rafiki. Wewe ni Carole!" Coralie alifoka.

Flavie aliuachia mkono wake. Machozi yalimlengalenga, lakini yalikuwa ya hasira.

"Carole alimtia matatani mtu aliyemtendea wema, kisha akakoroga kahawa yake. Hebu fikiri, kati yangu na wewe, Carole ni nani?"

Akamwacha amesimama kando ya barabara.

Coralie alipofika nyumbani hakuvua hata kofia. Alimkuta Bibi akiponda viazi, na pale pale akamwambia yote, kuanzia kuanguka mpaka "Nilisikia, Bibi." Alidhani Bibi atamkumbatia kwa sababu amesema ukweli. Bibi aliuweka mwiko chini polepole, na Coralie hakuwahi kumwona na uso ule.

"Jana dukani," Bibi alisema, "Fernand alinisalimu. Mbele ya watu. Nikamgeuzia mgongo. Mimi! Babu yako alipofariki, Fernand alikuwa wa kwanza kuingia mlango huu. Alilibeba jeneza kwenye upepo ambao vijana waliukimbia. Na mimi nimemgeuzia mgongo kwa ajili ya uongo uliopikwa chumba cha pili, na mpishi wake nikampa uji asubuhi!"

"Bibi, nilikuwa nimekasirika..."

"Hata mimi nilikasirika! Nikatupa ndara! Ndara yangu imemuumiza nani?" Alifuta macho kwa aproni, kwa nguvu. "Vaa glovu zako. Twende."

Babu Fernand alifungua mlango nusu tu. Coralie alisimama kwenye baraza, karibu na mayai yaliyoganda, akasema maneno aliyokuwa ameyarudia njia nzima. Mzee hakumkaribisha ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu, akabonyeza namba na kumpa.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi si mjumbe wako."

Sauti ya Sylvaine ilikuwa ileile ya Jumatatu jioni, na Coralie alikaribia kuiangusha simu. Alirudia kila kitu.

"Nakukumbuka," Sylvaine alisema. "Kamba zako zilikuwa zimelegea. Sasa nisikilize. Wiki hii mama mmoja sokoni amenizomea, dereva wa teksi amekataa kunichukua. Wote walisema, 'Carole, una roho mbaya!' Nilicheka, kwa sababu maana yake nimeifanya kazi yangu vizuri. Mchukie Carole utakavyo. Carole hana baba. Lakini wewe uliandika jina langu. Baba yangu amenipigia simu akilia, na sijawahi kumsikia baba yangu akilia. Nimekasirika, Coralie. Sitakuambia kwamba si kitu."

"Nifanye nini?" Coralie aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulisema uongo mbele ya watu wengi. Unadhani ukweli utausemea barazani?"

Usiku ule, Bibi akiwa ameketi kando yake, Coralie aliandika ukweli mahali palepale, kwa jina lake kamili. Watu wachache walimsifu, wengine wakamtukana matusi ambayo Bibi aliyasoma kwa kukunja uso. Lililomshangaza zaidi ni kwamba wengi hawakuusoma kabisa. Uongo wake ulikuwa umeshafika jiji la Montréal na mbali zaidi, na bado ulikuwa unapitishwa na watu wasiojua kwamba mwenyewe ameshaukana. Alijaribu kuwajibu mmoja mmoja mpaka Bibi akamnyang'anya simu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Bibi alisema. "Utayafuta yale unayoyafikia."

Jumamosi Sylvaine alikuja. Fernand alikuwa amefungua bomba tena, si kwa furaha, bali kwa sababu binti yake alimwomba, na barafu iling'aa. Watu walijaa pembezoni mwa uwanja wakiwa wamejifunika mpaka puani. Makofi yalikuwa ya kusitasita. Mwanamume mmoja akazomea, "Buu, Carole!" Sylvaine akamwinamia kama mchezaji aliyepongezwa, na watu wakacheka kidogo.

Kisha Coralie akapanda jukwaani. Miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku ile alipokosa ujasiri, lakini safari hii ilikubali. Alikishika kipaza sauti na kusema jina lake.

"Mimi ndiye Msichana wa Matane. Sylvaine Otis hakunisukuma. Nilianguka mwenyewe, yeye akaniinua na kunifunga viatu. Niliwadanganya kwa sababu nilitaka mnisome. Babu Fernand, uliniuliza usoni nikanyamaza. Naomba unisamehe."

"Mwongo mkubwa!" sauti ya mtu mzima ilipaa kutoka nyuma. "Aibu yako! Aibu!"

Kelele zikaanza kupanda, zilezile za mtandaoni, ila sasa zilikuwa na midomo na mvuke wa pumzi. Coralie aliinamisha kichwa. Alijua anastahili. Lakini Babu Fernand alipanda jukwaani akitembea kwa hatua nzito, akachukua kipaza sauti.

"Nyamazeni!" alinguruma. "Huyu mtoto amenikosea, na mimi na yeye bado tuna mazungumzo. Lakini amekuja na jina lake na uso wake. Wewe unayepiga kelele huko nyuma, umekuja na nini? Nani alirusha mayai? Nani aliandika kwenye theluji yangu? Mtoto wa miaka kumi na miwili hakuyafanya hayo. Alisema neno moja la uongo, na ninyi watu wazima mkalibeba bila kuuliza hata swali moja. Nyumba yangu iko pale. Kengele yangu inalia. Nani alikuja kuniuliza?"

Watu walitazama viatu vyao.

Ndipo Bibi Huguette akasogea mbele kwenye barafu, akijishikilia ukingo wa mbao asianguke.

"Jina langu Huguette Bérubé," alisema kwa sauti ya kusikika bila kipaza sauti. "Sikuuliza. Nilikugeuzia mgongo dukani, Fernand."

Nyuma ya umati kijana mmoja mrefu alivua kofia yake kwenye baridi ile, akainua mkono. "Mayai," alisema. "Ni mimi." Kisha mkono mwingine ukainuka, na mwingine.

Fernand alishusha pumzi. Alimgeukia Coralie, na sauti yake sasa haikuwa ya kunguruma.

"Tamthilia ikikukasirisha, kasirika. Piga kelele, lia, mtukane Carole mpaka sauti ikauke, hakuna anayeumia. Lakini mtu mwenye jina na nyumba, usimzulie usichokiona. Na ukisikia amezuliwa, nenda kamgongee mlango umuulize kabla hujampitishia mwenzako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Nimekusamehe. Kuniaminisha tena ni kazi nyingine, itachukua muda, na utaianza leo. Yale mayai mlangoni pangu yameganda vibaya, na huyu kijana mrefu atahitaji msaidizi wa kuyakwangua."