Gitaa Lenye Kikohozi

Mwisho wa mwezi soko halipitiki, na mwenye haraka hufundishwa subira na viwiko vya wenzake. Katikati ya msukumano huo, mbele ya kibanda cha vitu vya mtumba, fundi matairi mmoja alikuwa ameinamia gitaa kuukuu, akilikamua shingo kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa imelowa grisi mpaka kwenye kola. Watu walimwita Upepo, kwa sababu ya kazi yake ya kujaza matairi, wala si kwa wepesi wa mikono.

"Kaka, mpe dawa huyo," sauti ilisema nyuma yake. "Anakohoa."

Upepo akageuka. Gauni la njano, kitana kimechomekwa nyweleni, mifuko miwili ya rasta mkononi, na kicheko ambacho mwenyewe hakujisumbua kukificha.

"Hakohoi, dada. Anasafisha koo."

"Basi akimaliza kusafisha, niite. Mimi ni msusi pale saluni ya mlango wa kijani, nyuma ya posta. Nitakuja na maua, kama bado atakuwa hai."

Alimezwa na umati. Upepo alilipia gitaa bila hata kuomba apunguziwe, jambo lililomshtua muuzaji kuliko yeye.

Kesho yake alijikuta nyuma ya posta. Keshokutwa pia. Saluni ya kike haina kazi ya fundi matairi, lakini ghafla kila kiti cha magurudumu mle ndani kilianza kuhitaji kukazwa. Kufikia mvua za kwanza, yule msusi alikuwa Msusi wake, naye akawa "mgonjwa wangu."

Kupiga gitaa Upepo alijifundisha mwenyewe, kwa kukodolea macho vidole vya wapigaji jukwaani kisha kwenda kuviiga nyumbani. Alimtungia Msusi wimbo, na wimbo ulikuwa mtamu kweli, ila katikati yake paliketi kodi moja katili, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: ile ambayo kidole cha shahada hulala kifudifudi juu ya nyuzi zote sita na vingine vitatu hufanya kazi mbele yake. Kila akifika hapo, nyuzi zilikohoa.

"Kodi ya nyumba nailipa," alilalamika kwenye simu. "Hii ya gitaa ndiyo inanitoa jasho."

"Pole, kipenzi. Mama ameniuliza habari zako tena."

"Kasemaje?"

"Kasema, yule kijana mwenye kikohozi anaendeleaje?" Msusi alicheka, kisha akatulia. "Sikiliza, Upepo. Wanaume wa kuanza mambo nimewaona wengi. Siku utakayonipigia wimbo wangu mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa, nakupeleka nyumbani kwa mama. Kabla ya hapo, utaishia mlangoni."

"Umesema?"

"Nimesema."

Basi Upepo akaongeza nguvu. Hiyo ndiyo dawa pekee aliyoijua. Nati isipofunguka, unaongeza nguvu. Alibana mpaka nyuzi zikamchimba mifereji vidoleni na kiganja kikafa ganzi. Nyuzi zikazidi kukohoa.

Mchana mmoja lilisimama mbele ya karakana gari dogo lenye pancha. Akashuka bibi mrefu, mvi zimemwagika mabegani, mgongo umenyooka. Zamani alipiga gitaa la solo kwenye kumbi zilizojaa, na waliomkumbuka walimwita Bi Solo mpaka leo. Uso ulikuwa wa bibi, lakini sauti ilibaki ya msichana. Alimkuta Upepo juu ya tairi, gitaa kifuani.

"Nani amekufundisha kumnyonga huyo?"

"Shikamoo, mama. Nimejifundisha mwenyewe."

"Marahaba. Inaonekana. Tairi langu utalijaza upepo kiasi gani?"

"Mpaka kipimo kiseme basi."

"Ukizidisha?"

"Linapasuka."

"Sasa uzi umekukosea nini wewe, hata ukaujaza bila kipimo?"

Bi Solo akavuta kigoda, akaketi, akaanza kazi. "Gumba hilo lishushe. Liweke nyuma ya shingo, katikati, lisikumbatie mtu. Kidole nacho kisogeze jirani kabisa na kile kichuma kilichokatiza shingo. Sasa gusa uzi tu, usibonyeze. Piga."

Tup. Uzi uliokufa.

"Ongeza kidogo. Piga."

Zzz.

"Legeza mkono, bwana, unabana mno! Taratibu. Hapo... hapo hapo! Umesikia utamu huo?"

"Nimesikia," Upepo alisema, akihema. "Na kuanzia leo nautaka kila siku."

Asichokijua ni kwamba, kwa jinsi alivyojikunja, simu ya mfukoni ilikuwa imejipigia yenyewe. Kule saluni, Msusi alikuwa na vidole kumi vyote ndani ya nywele za mteja, kwa hiyo aliipokea kwa kipaza sauti. Wateja wote walisikia. Mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia aliomba mashine izimwe, asikie vizuri zaidi.

Jioni Upepo alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena.

"Upepo, nina kazi," hatimaye Msusi alisema, sauti kavu.

"Nimekosa nini, kipenzi?"

"Kamuulize anayekulegeza."

Simu ikakatika. Upepo akajiuliza. Kulegezwa? Katika maisha yake vitu vilivyolegea vilikuwa nati tu, na hizo alizikaza.

Siku zilizofuata alichoma salio lake lote kwa kupiga. Kisha asubuhi moja, akiwa na gitaa mapajani na simu mkononi, alijiona. Simu nayo alikuwa akiinyonga. Akaiweka chini. Akanawa grisi, akavaa shati jeupe, akaenda mpaka mlango wa kijani, akasimama nje.

"Kosa langu silijui," alimwambia Msusi mbele ya wateja wote. "Siku ukitaka kuniambia, nitasikiliza. Wimbo wako sijauacha." Akaondoka, na hakugeuka, ingawa shingo ilimuuma kwa hamu ya kugeuka.

Kisha akarudi mwanzo kabisa, kwa mshiko aliofundishwa na Bi Solo. Mkono mpya haukuweza hata nyimbo ambazo mkono wa zamani ulizipiga usingizini. Wanakarakana walimcheka: "Upepo, mwaka jana ulikuwa unajua!" Kidole cha mwisho kilitetemeka kama mgeni wa kikao. Kila gumba lilipopanda juu kwa mazoea, alilishusha. Vidole vinne alivitembeza juu ya shingo kimoja kimoja kama buibui mzee, polepole mpaka majirani wakazoea kusinzia navyo. Mkono ukiuma, alipumzika. Hilo pia alikuwa halijui zamani. Na siku moja kidole cha shahada kililala juu ya nyuzi sita, na zote sita zikaitika.

"Sasa nipeleke nikasukwe," Bi Solo aliamua alipopita karakana na kuzisikia, "kwa huyo binti asiyekupokelea simu."

"Atanifukuza, mama."

"Wewe ni mbeba mkoba wangu. Mbeba mkoba hafukuzwi. Na gitaa libebe."

Msusi alimpokea bibi kwa "shikamoo" yenye adabu zote, na mbeba mkoba kwa jicho la barafu. Akaanza kusuka. Hasira zilimshuka mpaka vidoleni. Akavuta, akakaza, akavuta tena.

"Legeza mkono, bwana!" Bi Solo alipiga kelele. "Unabana mno! Taratibu... hapo, hapo hapo!"

Kitana kikaanguka sakafuni.

"Mama," Msusi alinong'ona, "hebu sema tena."

"Niseme nini? Nyinyi wawili mna ugonjwa mmoja. Huyu naye nilimkuta akilinyonga gitaa, nikamwambia hayo hayo."

Yule mteja wa mashine alikuwepo siku hiyo pia. Aliangua kicheko mpaka viroli vya nywele vikamdondoka.

"Simu yako ilinipigia," Msusi alimwambia Upepo. Machozi na kicheko viligombania uso wake. "Nilimsikia. Nikakusikia na wewe ukiutaka huo utamu kila siku!"

Upepo alitazama mfuko wa suruali yake, kisha bibi, kisha Msusi. Polepole, mambo yakamwingia. "Kwa hiyo anayenilegeza..."

"Nisamehe, mgonjwa wangu."

"Kaa chini kwanza," alisema. "Msamaha baadaye. Nina deni la wimbo."

Akatoa simu, akaizima, akaiweka mezani mbele ya kila mtu. Gumba likaenda nyuma ya shingo. Wimbo ukaanza, mwepesi, bila jasho, na ulipokaribia ile kodi katili Msusi alifumba macho kama anayesubiri sindano. Kidole kikalala. Nyuzi zote sita zikaitika, safi, na wimbo ukapita kwenda zake mpaka mwisho.

Msusi aliushika mkono wa kushoto wa Upepo, akazipapasa sugu ndogo kwenye ncha za vidole, moja baada ya nyingine. Kisha akachukua simu yake.

"Mama? Jumapili tenga sahani moja zaidi... Ndiyo, yule mwenye kikohozi." Alimtazama Upepo, bado kamshika mkono. "Amepona."