Folda Iliyojimeza

Saa tatu asubuhi programu ya studio ilikufa tena, na safari hii ilifia mikononi mwa Shangazi. Alikuwa ofisini kwake akitazama video ya harusi iliyokuwa ikikatwa chumba cha pili, mara dirisha likajifunga bila hata kuaga.

"Fundi! Njoo hapa! Njooni nyote!"

Fundi alikuwa binti wa kaka yake. Kompyuta za studio zilipozeeka, ndiye aliyeziwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, pamoja na hiyo programu ya kushirikiana mafaili, ili anachohifadhi mmoja wengine wakione papo hapo.

"Nimechoka na hiyo Linux yako," Shangazi alisema mbele ya wote. "Umetuletea ugonjwa ukauita dawa. Saa sita naita mtu aing'oe, na wewe ufungashe virago."

"Sifungashi, Shangazi. Programu haifi yenyewe, kuna mtu anaiua. Hiyo saa sita nitakuletea muuaji wake."

"Mkaidi kama baba yako!"

"Si ni kaka yako? Tumerithi nyote."

Alianza na mpiga picha, ambaye chuki yake kwa Linux haikuwa siri. Alimkuta stoo akifuta lenzi.

"Mimi?" mpiga picha aliruka. "Wiki nzima niko nje na kamera, nimerudi leo. Kuichukia naichukia, sikatai. Lakini nitaiuaje na hata kuiwasha naomba msaada?"

Alisema kweli. Wiki hiyo yeye hakuwepo, na programu ilikufa kila siku; Alhamisi tu ndiyo haikufa. Fundi akaondoka na hiyo Alhamisi kichwani.

Chumba cha pili alikaa mtoto wa Shangazi, waliyemwita Mkasi kwa kazi yake ya kukata video. Alimsogezea Fundi kiti.

"Pole, dada. Mama akipandisha hasikii la mtu. Kwa nini usikubali tu tutafute programu nyingine?"

"Kwa sababu sijakosa. Alhamisi mlifanya nini hapa?"

"Alhamisi tulimkabidhi mteja video yake."

"Na Jumamosi ya wiki iliyopita, programu ilipokaa nzima mchana kutwa?"

"Tulikabidhi pia," Mkasi alijibu, kisha akaanza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo.

Fundi alirudi kwenye kompyuta yake. Programu ile ukiifungua kwa kubofya hufa kimya. Ukiifungua kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, hutaja kila inachofanya mpaka pumzi ya mwisho. Akaandika amri. Ikaanza: Harusi, ndani yake Zamani, ndani yake Harusi, ndani yake Zamani. Mistari ilimiminika mpaka kumbukumbu ya kompyuta ikajaa, na programu ikaanguka.

Zamani haikuwa folda. Ilikuwa njia ya mkato tu, na ilielekezwa kwenye folda ileile iliyoibeba. Programu iliingia mlango mmoja ikajikuta pale pale, ikaingia tena, bila mwisho. Kitu kama hicho hakijitengenezi. Fundi alikasirika.

Saa sita aliingia ofisini na Mkasi.

"Adui angeiua siku ya kukabidhi, tuaibike mbele ya mteja," alisema. "Huyu huweka mtego kazi ikiwa mbichi, na ikiiva anauondoa. Anaipenda studio, Shangazi. Na kazi mbichi iko mezani kwa mtu mmoja tu."

Mkasi hakungoja kutajwa. "Ni mimi, Mama."

"Wewe? Mwanangu wa kumzaa?"

"Kila nikihifadhi, uko mlangoni: hapo punguza, pale rudisha. Chungu hakijachemka umeshaonja mara kumi! Nilitaka uione kazi yangu ikiwa imekwisha. Ukinifukuza nifukuze, lakini hilo silifuti."

"Na mimi nikitukanwa ukanyamaza, kaka?" Fundi aliuliza.

Mkasi aliinamisha kichwa. "Hapo nimekukosea, dada. Nisamehe."

Shangazi alikohoa. "Basi, yameisha. Rudini kazini."

"Hayajaisha," Fundi alisema. "Mkasi nitampa folda yake, asiyoiona mtu mpaka aitoe mwenyewe. Lakini mimi ulinivunjia heshima mbele ya watu. Sitoki hapa mpaka uniombe radhi mbele ya watu walewale."

Akavuta kiti, akaketi. Mkasi hakuwahi kumsikia mama yake akimwomba mtu radhi.

Shangazi aliinuka kitini.

"Mkasi," alisema mwishowe, "kamwite mpiga picha. Asubuhi naye alikuwepo."