Linda kwa Miguu

Kengele ya mwisho ilipolia, Mlingoti alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya urefu wake, naye hakuchukia, kwani urefu huohuo ndio uliomfanya afunge vikapu vingi kuliko msichana yeyote pale shuleni. Siku hiyo alikimbia kwelikweli. Msimu wa mpira wa kikapu ulikuwa unaanza!

Lakini uwanjani hakukuwa na mpira hata mmoja. Kocha, ambaye asubuhi aliwafundisha hesabu, alisimama katikati ya uwanja wa saruji, filimbi shingoni.

"Kocha, mipira iko wapi?" Mlingoti aliuliza.

"Imelala stoo. Kwanza tunajifunza kulinda. Pindeni magoti! Mgongo wima, mikono wazi! Telezeni kulia! Telezeni kushoto! Nikiona miguu imegongana, tunaanza upya!"

Mapaja yaliwaka moto. Wasichana walihema, wakaanguka, wakacheka, wakainuka. Mlingoti peke yake ndiye aliyekuwa akivuta miguu.

"Mimi kazi yangu ni kufunga," alimnong'oneza rafiki yake Kisoda, aliyekuwa mdogo wa umbo kuliko wote kwenye timu. "Kulinda ni kazi ya wafupi."

"Ahsante kwa kunipatia ajira," Kisoda alijibu, wakaangua kicheko.

Baada ya siku chache mipira ilitolewa. Sasa mmoja alidunda mpira kuelekea kikapuni, na mwenzake akamzuia. Mlingoti alipangwa na Kisoda. Mara ya kwanza Kisoda alimpita kabla hata hajageuka, na wenzao wakashangilia kwa vifijo. Mlingoti akaona aibu. Zamu iliyofuata, Kocha alipogeuka kumrekebisha mchezaji mwingine, Mlingoti alimdaka Kisoda fulana kwa nyuma. Kisoda akapepesuka, mpira ukamtoka. Zoezi zima likaenda hivyo.

"Mlingoti!" Kocha alisema kwa furaha. "Leo hupitiki! Basi kwenye mechi ya kwanza, wewe ndiye utakayemlinda Cheche."

Wachezaji walipiga kelele za shangwe. Cheche alikuwa nyota wa shule jirani, na hakuna aliyewahi kumzuia. Mlingoti alitabasamu, lakini hakumtazama Kisoda.

Jioni, mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alisimamisha mashine na kumtazama.

"Mwanangu, mbona leo chakula unakiangalia tu?"

Mlingoti akamweleza yote. Mama hakugomba. Aliuliza tu, "Na Cheche naye utamvuta jezi mbele ya mwamuzi?"

"Hapana, mama."

"Basi kesho unajua pa kuanzia."

Mlingoti alianzia kwa Kisoda. "Jana nilikuwa nakushika fulana."

"Unadhani sikujua? Fulana yenyewe sasa imekuwa gauni." Kisoda alicheka, kisha uso ukabadilika. "Lakini iliniuma. Kocha aliniona mzembe."

"Nisamehe. Naenda kumwambia."

Alimwambia Kocha mbele ya timu nzima.

"Umenivunja moyo," Kocha alisema. "Lakini umekuja mwenyewe, na hilo nimeliona. Cheche atalindwa na Kisoda. Wewe utaanzia benchi." Akatoa taulo begini. "Lishike nyuma ya shingo kwa mikono miwili, usiliachie. Sasa mlinde Kisoda kwa miguu."

Mwanzoni Mlingoti alipitwa kama mlango ulioachwa wazi. "Tazama kiuno changu!" Kisoda alimpigia kelele. "Macho nitakudanganya nayo, kiuno siwezi!" Mlingoti akapinda magoti zaidi, akateleza, akakosea, akarudia. Wiki ilipokwisha, Kisoda alijaribu kulia, akajaribu kushoto, akakosa njia. Wote wawili waliruka kwa furaha, taulo likaanguka huko!

Siku ya mechi watu walijaa pande zote za uwanja. Kisoda alimganda Cheche kama kupe, timu yao ikaongoza kwa pointi moja. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Kisoda alifanya faulo yake ya tano, na kwa sheria akatolewa.

"Mlingoti, ingia!"

Moyo ulimdunda kuliko mpira. Cheche alikwenda kulia. Mlingoti akateleza naye. Cheche akakata kushoto, akamkuta hapohapo, mikono wazi, haigusi chochote. Cheche alirusha akiwa ameegemea nyuma. Mpira uligonga pete, ukazunguka, ukadondokea nje. Filimbi ya mwisho! Kisoda ndiye aliyekuwa wa kwanza kumrukia Mlingoti mgongoni, na timu nzima ikawafuata.

Walipotulia kidogo, Kocha aliwakusanya. "Leo Mlingoti hakufunga hata kikapu kimoja, na sijawahi kumwona akicheza vizuri hivi. Mnajua kwa nini? Aliponidanganya, nilimsifu, na hakujifunza kitu. Aliposema ukweli, ndipo nilipopata nafasi ya kumfundisha. Wanangu, anayeficha udhaifu wake hubaki nao. Anayeusema, na akakubali kutoka jasho, huushinda."

Mlingoti alifuta jasho. Akamshika Kisoda begani, akatabasamu.